Kipande cha Ndege Katika Gunia la Nasibu

Karakana ya Paskalina Mageni iko Kambarage, mjini Shinyanga, nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga. Ukiulizia karakana watu watakushangaa. Ulizia kwa Mama Blessing wa sufuria, utapelekwa mpaka mlangoni. Mlango wenyewe haupo. Ni banda la mabati lililozibwa pande mbili tu, mbili nyingine zimeachwa wazi ili moshi na joto vipate pa kutokea. Katikati kuna tanuru alilolijenga kwa matofali na udongo wa kichuguu. Humo Paskalina huyeyusha alumini ya kila namna, injini za pikipiki zilizokufa, fremu za madirisha, sahani zilizotoboka, kisha anasubu sufuria. Wapishi wa harusi na misiba wanazipenda kwa sababu ni nzito na haziunguzi wali.

Ana miaka arobaini na minane. Mumewe ni dereva wa lori la pamba, na binti yao Blessing anasomea uuguzi Mwanza. Mkono wake wa kushoto una kovu la moto kutoka kiwiko hadi karibu na kiganja. Watoto wakimuuliza limetoka wapi, huwaambia ni ada ya shule.

Kazi hiyo alifundishwa na mzee Masalu, ambaye sasa ni marehemu. Paskalina alikuwa akiuza uji mbele ya banda la mzee huyo, wateja wake wakiwa vijana wa tanuruni. Siku moja zilifika habari kwamba dhahabu imetema kule karibu na Bulyanhulu, na vijana wote watatu wakaondoka asubuhi hiyo hiyo bila kuaga. Masalu alibaki peke yake na chungu cha alumini iliyokwisha kuyeyuka, na chungu kile hakinyanyuliki na mtu mmoja. Alitazama huku na huku, akamwona mwuza uji.

"Mayu, shika upande ule," alisema, akimwita mama kwa Kisukuma.

Paskalina aliweka kata chini, akashika koleo. Walimimina sufuria nne. Kesho yake alirudi na uji wake kama kawaida, lakini mzee akamwambia auache, aje ndani. Hiyo ni miaka kumi na tisa iliyopita.

Kuna jambo jingine la zamani ambalo lazima nilitaje, maana bila hilo mtu hataelewa kwa nini alifanya alichofanya baadaye. Miaka sita iliyopita mpishi mmoja maarufu hapa mjini, mama wa Kikurya aitwaye Bhoke, alikuwa anaipua supu kwenye harusi wakati sikio la sufuria lilipokatika. Supu ilimmwagikia mguuni. Alilazwa wiki tatu. Sufuria ilikuwa ya Paskalina, ingawa ilikuwa ya siku nyingi na hakuna aliyekuja kumlaumu. Yeye mwenyewe alikwenda hospitali na matunda, akaomba radhi, kisha akaomba apewe lile sikio lililokatika. Aliligeuza geuza juani. Nusu ya mkato ilikuwa nyeusi, imeshika masizi na mafuta ya miaka. Nusu nyingine ilikuwa nyeupe, inang'aa.

"Halikukatika siku ile," alimwambia mumewe. "Lilianza zamani. Siku ile lilimaliza tu."

Tangu hapo hatoi sufuria bila kuigonga kwa bolti na kuisikiliza. Ikilia vizuri inakwenda kwa mteja. Ikilia kama mtu mwenye mafua inarudi tanuruni.

Jambo la ndege lilitokea Agosti mwaka juzi, siku ya Jumamosi. Jumamosi hiyo Paskalina hakuwasha tanuru. Alikuwa amekwenda kijijini kwao, mwendo wa nusu saa kwa bodaboda kutoka mjini, kumsaidia mama yake kung'oa dengu. Mama yake, Sesilia, alikuwa na miaka sabini na minne na bado alilima mwenyewe. Shamba lake liko kwenye mbuga, udongo mweusi ule unaonata wakati wa mvua na kupasuka nyufa za kuingia mkono wakati wa kiangazi. Lilikuwa refu kama barabara. Upande mmoja dengu zilikwisha kung'olewa na kubaki ardhi tupu, upande wa pili ndiko walikokuwa wameinama wakifanya kazi. Mwishoni kabisa kulikuwa na majaruba ya mpunga yenye kingo zake. Karibu na hapo Sesilia alikuwa amebandika makande juu ya mafiga matatu.

Saa tano hivi, Paskalina alisikia mlio mfupi juu angani, mbali, kama bati linalochanwa. Aliinua kichwa. Aliona ndege ndogo, nyeupe, yenye injini moja. Ilitikisika kidogo, kisha sauti ya injini ikakoma.

"Imekata," alisema.

"Imekata nini?" mama yake aliuliza bila kuinuka.

"Sauti, Mama. Ile ndege haina sauti."

Ndege ilikuwa ikishuka taratibu, ikazunguka nusu duara upande wa kaskazini, ikageuka kuukabili upepo. Sasa Sesilia naye alisimama. Ilikuja moja kwa moja kuelekea shambani, ikizidi kuwa kubwa, na kilichosikika ni upepo tu ukipita kwenye mabawa. Kulipobaki kama uwanja mmoja wa mpira kati yao, ilijisogeza pembeni, ikawaachia upande wenye dengu na kushika upande uliokwisha kuvunwa. Magurudumu ya nyuma yaligusa ardhi, vumbi jeusi likaruka, ikakimbia huku ikirukaruka mpaka mwisho wa shamba. Hapo gurudumu la mbele lilikuta ukingo wa jaruba. Likavunjika. Ndege ikainamisha pua, bawa moja likagusa chini, ikatulia.

Paskalina alikuwa ameshaanza kukimbia. Kabla hajafika alisikia harufu ya petroli, na akili yake yote ikaenda kwenye yale mafiga. Mtu aliyefanya kazi na moto miaka kumi na saba haambiwi. Aliukuta moto wa mama yake unawaka vizuri, makande yanatokota, hatua kama thelathini kutoka kwenye bawa lililokuwa likidondosha mafuta. Alikomba udongo kwa mikono miwili akamwaga juu ya kuni, akakomba tena, akazima kila kaa, na makande yakafunikwa pamoja na moto.

Mlango wa ndege ulifunguka. Wanaume watatu walitoka wakishikana. Wawili walikuwa wapimaji wa visima, waliokuwa wakitoka Dodoma kwenda Geita. Mmoja alitembea hatua kumi akakaa chini, akaanza kucheka peke yake, na mwenzake akamshika bega mpaka akanyamaza. Wa tatu alikuwa rubani, mtu wa makamo, mkono umechanika juu ya kifundo na damu inamchirizika. Yeye hakukaa. Aligeuka akaihesabu ndege yake kwa macho, kisha akawahesabu watu.

"Hamjaumia?" aliwauliza wale wanawake, kana kwamba wao ndio walioanguka.

"Sisi tuko salama," Paskalina alisema. "Njooni huku, mbali na mafuta. Na simu zenu msizishike kwanza."

Watu walianza kumiminika kutoka vijijini, kwa miguu, kwa baiskeli, kwa pikipiki. Paskalina alisimama njiani na mwiko wa makande mkononi. Kila mwenye sigara aliambiwa aizime pale pale, na kila mwenye pikipiki aliambiwa aiache mbali. Hakuna aliyembishia. Mwenyekiti wa kijiji alipofika alikuta mpaka umeshawekwa.

Rubani alifungwa jeraha kwa kipande cha kanga. Alijitambulisha kuwa anaitwa Theonest, mtu wa Ushirombo, Msumbwa. Alimwinamia kidogo Sesilia akamsalimu kwa Kisukuma, "Mwadila, mayu." Yule bibi, ambaye mpaka hapo alikuwa amenuna, alilainika.

"Mwadila, ng'wanone," aliitikia, akimwita mwanangu. "Umetoka mbinguni na bado una adabu. Lakini makande yangu yamekwisha."

"Nisamehe, mayu. Niliona mko watu wawili upande ule, nikaona nipite huku."

"Hiyo nimeiona," Sesilia alisema. "Wabeja, asante."

Baadaye, wakisubiri gari la polisi na la hospitali, Paskalina aliomba aonyeshwe kilichoharibika. Theonest alimpeleka mbele ya ndege. Pangaboi lilikuwa na mabapa mawili. Moja lilikuwa zima, ncha yake imepakwa mstari wa njano. Lingine lilikuwa fupi, limekatika ncha, kipande cha urefu wa kutoka kiwiko hadi vidole hakipo.

"Ukipoteza kiasi hicho upande mmoja," Theonest alieleza, "pangaboi linakosa uwiano. Lilitikisa mpaka nikawa sioni saa yoyote ya vipimo mbele yangu. Ningeliacha dakika moja zaidi lingeng'oa injini yenyewe. Nilizima, nikaanza kutafuta pa kuteremka."

Paskalina aliinama akatazama mkato, mikono ameifunga nyuma ya mgongo. Hakugusa. Karibu na ukingo wa mbele palikuwa na sehemu laini, iliyofifia rangi, yenye mistari myembamba iliyopindana mmoja baada ya mwingine kama mawimbi ya maji kwenye beseni. Sehemu iliyobaki ilikuwa imechanika vibaya, nyeupe, inang'aa.

"Hiki kimeanza zamani," alisema.

Theonest alimtazama. "Wewe unafanya kazi gani?"

"Nasubu sufuria."

Rubani hakucheka. Alisema kwamba wataalamu watakuja kutoka Dar es Salaam, na kwamba kitu cha kwanza watakachotaka ni kile kipande kilichopotea, maana huku kwenye shina mkato umepigwa na upepo na vumbi la kutua. Alimwachia Sesilia namba ya simu, ikaandikwa kwa mkaa kwenye ukuta wa nyumba.

Mkaguzi wa ajali, bwana mmoja mpole aitwaye Athanas, alifika siku ya pili. Kwa siku tatu wanakijiji walipanga mstari wakapita mashambani wakitafuta. Hawakupata kitu. Paskalina alijua watashindwa, maana ule mlio wa bati kuchanwa aliusikia mbali, na ndege ilishuka masafa marefu kabla ya kufika. Kipande kingeweza kuwa katika kijiji chochote kati ya vinne. Mkaguzi aliwaeleza wenyeviti wote, kisha akarudi Dar es Salaam kuendelea na kazi nyingine. Ndege ilibaki shambani, imefungiwa kamba na kuwekewa mlinzi, na Sesilia akawa anang'oa dengu zake kuizunguka.

Wiki ya pili Paskalina alikuwa na kazi ya haraka. Kigango kimoja kilikuwa na jubilei na waliagiza sufuria kumi na mbili kubwa, zichukuliwe Ijumaa. Jumatano asubuhi tanuru liliwashwa mapema. Msaidizi wake, Mwigulu, mwanamume mwenye umri karibu sawa na wake, alikuwa anavunjavunja vyuma ili viingie kwenye chungu. Nasibu alikuwa ameleta magunia mawili kwa baiskeli. Nasibu ni mtu wa Ujiji, mwaka wa kumi sasa yuko Shinyanga, anazunguka vijijini kununua vyuma chakavu, na Paskalina ndiye mteja wake mkubwa. Alikuwa amekaa juu ya ndoo anakunywa chai.

Paskalina alikuwa ameinama anashindilia mchanga kwenye kalibu. Alisikia nyundo ya Mwigulu ikigonga alumini ya kawaida, tah, tah, kisha ikagonga kitu kingine. Sauti ilikuwa nyembamba na ndefu. Ilikaa hewani.

"Simama," alisema.

Mwigulu alibaki ameinua nyundo.

Juu ya jiwe la kuvunjia palikuwa na kipande kirefu, bapa, kizito kuliko ukubwa wake. Upande mmoja kilipakwa rangi nyeusi. Kwenye ncha kilikuwa na mstari wa njano. Nyundo ilikuwa imekipiga mara moja, karibu na ncha hiyo. Ule mwisho mwingine, wenye mkato, ulikuwa haujaguswa.

Paskalina alifuta mikono kwenye vazi lake, akachukua kanga safi iliyokuwa imetundikwa kwenye msumari, akakilaza kipande juu yake. Mkato ulikuwa ule ule aliouona shambani: nusu laini yenye mistari, nusu iliyochanika. Katika sehemu ile laini, ukingoni kabisa, mistari yote ilikuwa imezunguka kidonda kimoja kidogo, kama punje ya mtama.

"Nasibu, hiki umekipata wapi?"

Nasibu alitazama, akaweka kikombe chini. Alikuwa amesikia habari za ndege kama kila mtu. "Kuna mama alikuwa anakata nyasi za kuezekea," alisema taratibu. "Alikikuta kimesimama wima kwenye ardhi. Nilidhani ni kitu cha trekta."

"Ni cha ile ndege."

"Naona sasa." Aligeukia tanuru. "Mama Blessing, mimi nilinunua chuma. Sikununua kesi. Wakijua kimepita kwangu watasema nauza vifaa vya ndege. Na yule mama naye watamfuata. Kiweke ndani ya chungu. Kikishakuwa sufuria kitamwambia nani?"

Mwigulu aliteremsha nyundo. Chungu kilikuwa tayari, chekundu, na sufuria kumi na mbili zilikuwa zinasubiriwa. Paskalina aliinama tena juu ya kipande. Alinieleza baadaye kwamba hakuwa anafikiria sheria wala polisi. Alikuwa anafikiria mguu wa Bhoke.

"Unalikumbuka sikio la sufuria ya Bhoke?" alimwuliza Nasibu.

"Nalikumbuka."

"Sufuria zile nilisubu sita kwa siku moja, kwa mchanga mmoja. Ilipokatika ya Bhoke nilizunguka mji mzima kuzitafuta tano nyingine. Mbili nilizikuta na ufa pale pale kwenye sikio, zinapikiwa kila siku. Sasa hii ndege unadhani haina ndugu? Wanaoruka nazo wako juu hivi sasa tunavyoongea. Kipande hiki ndicho kinachojua ufa ulianzaje. Nikikiyeyusha, nimeyeyusha maneno yake."

Nasibu alikuna kidevu. "Na mimi je?"

"Wewe utakuja na mimi. Nitaanza kusema mimi. Nitasema ulikileta hapa kwa mikono yako, na ndivyo ilivyo. Usingekileta, kisingeonekana mpaka kiama."

Nasibu alifikiri kwa muda wa kikombe kizima cha chai. Mwishoni alisema, "Uanze kusema wewe. Na yule mama umtaje kwa wema."

Paskalina alimpigia simu mama yake kijijini. Sesilia alitoka nje akasoma namba ukutani, tarakimu moja moja, akilalamika kwamba mkaa umeanza kufutika. Kabla ya adhuhuri Theonest alikuwa amepatikana, na Theonest akampata mkaguzi.

Athanas alifika alasiri ya kesho yake. Nasibu alikuwepo, amevaa kanzu safi kana kwamba anakwenda msikitini. Kipande kilikuwa juu ya meza ndani ya kanga, sehemu yenye mkato haigusani na kitu chochote.

"Nani amekisafisha?" Athanas aliuliza.

"Hakuna," Paskalina alisema. "Sikukifuta wala sikukipuliza. Hapa kwenye ncha kimepigwa nyundo mara moja, ni sisi. Huku kwenye mkato hatukugusa."

Athanas alitoa kioo cha kukuzia akainama muda mrefu. Alipoinuka alimpa Paskalina kioo. "Tazama pale kwenye kidonda. Unaona nini?"

"Jiwe," alisema. "Kuna jiwe liliwahi kupiga hapa. Kisha kila siku pakafunguka kidogo."

"Ndivyo ninavyodhani na mimi. Maabara itasema." Kisha alimgeukia Nasibu, ambaye alikuwa amesimama wima kama mwanafunzi. Paskalina alitimiza ahadi, akaanza yeye kueleza, akamtaja Nasibu na yule mama wa nyasi. Athanas aliandika majina, akawaambia kwamba hakuna anayetafutwa. Alimshika Nasibu mkono. Nasibu aliketi kwenye ndoo yake, akaomba maji.

Jubilei ile ilipikiwa sufuria kumi na moja. Ya kumi na mbili ilichelewa siku moja, na padri alisema haikuwa neno.

Majibu yalikuja baada ya miezi miwili. Theonest ndiye aliyepiga simu. Ilikuwa kama walivyoona: ndege ile hutua mara nyingi kwenye viwanja vya changarawe huko migodini, jiwe dogo lilirushwa likatoboa ukingo wa bapa, na palipaswa kusawazishwa kwa tupa siku hiyo hiyo. Kidonda hicho hakikuonekana, au kilionekana kikaachwa. Ufa ukatembea miezi kadhaa. Kampuni ndogo iliyokuwa ikiikodisha ilikuwa na ndege nyingine ya aina hiyo. Iliposimamishwa na kukaguliwa, bapa lake moja lilikutwa na kidonda kama kile na ufa wa urefu wa ukucha.

"Ilikuwa iruke Jumatatu," Theonest alisema. "Na abiria watano."

Paskalina alikaa juu ya gunia la mkaa. Aliniambia hakusikia fahari. Alimwambia Mwigulu, na Mwigulu akaenda kumwambia Nasibu, na jioni ile watatu walikula nyama ya kuchoma pale pale karakanani, kila mmoja akisimulia sehemu yake kama mwenzake hakuwepo.

Ndege yenyewe ilikuwa imeshaondolewa shambani tangu wiki ya tatu, kwa lori, mabawa yamefunguliwa. Sesilia aliisindikiza mpaka barabarani.

Januari iliyofuata Theonest alikuja Shinyanga na ndege nyingine, akaomba ruhusa kazini kwake, akamwalika Paskalina na mama yake waruke robo saa. Paskalina alitaka kukataa. Sesilia alikuwa ameshavaa kitenge kipya.

"Mimi nimekaa na ndege shambani wiki tatu," alisema. "Nimeizoea. Wewe baki na sufuria zako kama unaogopa."

Paskalina alikwenda. Kabla ya kupanda alisimama mbele ya pangaboi. Theonest alimwambia aguse. Alipitisha kidole gumba taratibu kwenye ukingo wa bapa la kwanza kutoka shinani mpaka nchani, kisha la pili, kisha la tatu, maana hili lilikuwa na mabapa matatu. Rubani alisubiri bila haraka, mikono mfukoni. Mahali pawili alisikia palipowahi kusawazishwa kwa tupa, pamekuwa laini kama ukingo wa kikombe.

"Haya," alisema.

Mvua zilikuwa zimenyesha na nchi yote ilikuwa ya kijani, majaruba yamejaa maji yanang'aa, ng'ombe wadogo kama punje za maharage. Paskalina alishika kiti kwa mikono miwili. Mama yake alikuwa amebandika paji la uso kwenye kioo na kutoa taarifa ya kila shamba na mwenye nalo.

"Huyo jirani amesogeza ukingo," alisema kwa Kisukuma. "Amechukua hatua tatu za kwangu. Kutoka huku inaonekana wazi."

Theonest alicheka mpaka ikabidi aondoe mkono kwenye usukani kufuta machozi, akaurudisha upesi. Walizunguka mara ya pili juu ya ukingo ule, kwa kuwa Sesilia alitaka uhakika, kisha wakarudi kutua. Bibi aliteremka wa kwanza, akauliza ofisi ya mwenyekiti hufungwa saa ngapi siku za Jumamosi. Paskalina alimpandisha kwenye bodaboda, akamlipia, naye akatembea kwa miguu kurudi Kambarage, ambako Mwigulu alikuwa ameshawasha tanuru na watu wa harusi ya Kahama walikuwa wamekaa kwenye benchi wakisubiri.